Protokole Yahamia Kliniki

Kama hujawahi kuingia kanisa la Wakongomani pale Albert Park, huku Afrika Kusini, siku ya Jumapili, hujui protokole ni nini, na wala usione haya, wengi hawajui. Protokole ni wale watu wenye suti nyeusi na glavu nyeupe wanaosimama mlangoni na kukusoma uso kabla hujafungua mdomo. Wanajua kama wewe ni mgeni au mwenyeji. Wanajua mtoto uliyembeba atalia baada ya dakika ngapi, kwa hiyo wanakuweka karibu na mlango. Anayekohoa wanampeleka dirishani, mjamzito wanamkalisha penye njia, na wawili wasiosalimiana hawawekwi benchi moja hata kanisa lijae vipi. Hawapigi kelele. Mmoja anainua vidole viwili, na mwenzake wa mbele anajua kuna nafasi mbili upande wa kushoto. Watu mia nne wanakaa ndani ya robo saa na hakuna aliyesukumwa.

Mkuu wa kazi hiyo kwa miaka tisa alikuwa Odette, mama wa Bukavu mwenye sauti ndogo na macho makubwa, ambaye siku za wiki alishona magodoro katika kiwanda kimoja cha Mobeni. Kiwandani hakuna aliyejua kwamba huyu mama mnyamavu Jumapili anaamrisha watu thelathini kwa vidole.

Mwaka 2011 jirani yake Laurette alifukuzwa kazi. Laurette alikuwa na presha, na kila mwezi alikwenda kliniki ya serikali kuchukua vidonge. Kuchukua tu, hakuna zaidi. Lakini vidonge hivyo vilimla siku nzima, maana alipanga foleni moja na mwenye kidonda, na mwenye homa, na mama wa mtoto wa chanjo, mpaka saa nane mchana. Bosi wake alivumilia miezi ya kwanza, halafu akachoka. Mwezi uliofuata Odette alimsindikiza, ili asilie peke yake njiani, akakaa naye kwenye benchi kwa saa sita. Alichokiona kilimkera. Manesi hawakuwa wavivu, walikuwa wakikimbia. Dawa zilikuwepo, benchi zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa mlangoni.

"Hii ni église, kanisa bila protocole," alimwambia Laurette. "Batu wote bameingia, na hakuna mwenye kubakalisha."

Mwingine angesema hivyo, akarudi nyumbani, akapika. Odette alirudi nyumbani, akapika, na jambo lile likaendelea kumkaa kooni. Alimweleza Benedicta, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisoma utawala wa umma na kupanga chumba South Beach na wenzake wanne, ambaye kila Jumapili alikuja kanisani kwa ajili ya kwaya, na naye hakuficha kwamba alikuja kwa ajili ya kwaya.

"Mama Odette, ukienda peke yako watakuona mgonjwa aliyechoka kusubiri," Benedicta alisema. "Ukienda na shirika, watakuvutia kiti."

"Shirika gani? Mimi na wewe?"

"Wewe, mimi na hao watu wako thelathini."

Basi wakaunda shirika, wakaliita Mapokezi. Cheti cha usajili kilichukua miezi minane, na katika miezi hiyo Benedicta aliandika katiba, akaandika malengo, akaandika ukurasa mzima wa kueleza shirika lipo kwa ajili gani. Odette alisomewa ukurasa ule mara mbili, akasikiliza kwa adabu, kisha akaomba ufutwe wote na pawekwe sentensi moja: mtu asipoteze siku nzima kwa jambo la dakika kumi. Benedicta alinung'unika kwamba wafadhili hawatavutiwa na sentensi fupi namna ile. Lakini aliifuta ile mingine, na sentensi hiyo ndiyo iliyobaki.

Chumba cha kukutania walipewa na Pasta Apollinaire, juu ya ukumbi wa kanisa, na watu walipewa na yeye yeye. Pasta alikuwa mkarimu kweli, na alikuwa anajipenda kweli, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Aliposikia kwamba vijana na akina mama wake wa protokole wataisaidia serikali ya Afrika Kusini, alisimama madhabahuni akalitangaza kana kwamba wazo lilimjia yeye akioga. Odette hakujali. Alihitaji watu, na watu alipewa.

Kilichomuumiza ni maofisi. Walibisha milango mitano. Kila walipoingia, kabla hawajaketi, mtu wa mapokezi aliangalia sura zao, akasikia lafudhi yao, akawaelekeza: vibali ni jengo lingine, msaada wa chakula ni Alhamisi. Tangu Odette alipoingia mji huu mwaka 2003 kila mara alipokwenda serikalini alikwenda kuomba. Kuomba karatasi, kuomba muhuri, kuomba karatasi iongezwe miezi sita. Hakuona aibu, kwa kuwa mkimbizi ataishije asipoomba? Ila safari hii alikuwa amebeba kitu cha kutoa, na hakuna aliyemwuliza amebeba nini. Siku ya ofisi ya nne alilia ngazini, akafuta machozi, akamwambia Benedicta asimwambie mtu.

Katika mlango wa tano walimkuta Madamu Rungasamy, mkubwa wa kliniki za katikati ya mji, mama mwembamba mwenye miwani ya mnyororo na chupa yake ya chai. Huyu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnataka nini kwangu?" aliuliza.

"Mlango mmoja," alijibu Odette, kwa Kizulu alichokiokota kiwandani, kisha Benedicta akakitengeneza kwa Kiingereza.

Madamu alicheka kidogo, akamimina chai. "Nitawapa Jumatatu kumi na mbili, katika kliniki moja. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Ile ya kumi na mbili nitakuja mwenyewe. Nikiona ni upuuzi, mtaondoka na msinirudie. Nikiona kuna maana, nitawasainia mwaka mzima hapo."

Mwaka mzima, kwa mkataba wenye nembo ya serikali. Odette aliikumbatia ahadi ile akashuka nayo ngazi zote bila kuona ngazi.

Sasa sikiliza walivyoanza vibaya. Jumatatu ya kwanza, mwezi wa pili mwaka 2013, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu kumi na wawili wa protokole walijipanga mlangoni pa kliniki. Na walikuja wamevaa. Suti nyeusi, mashati meupe, glavu nyeupe, skafu za zambarau begani, viatu vinavyong'aa. Wewe jaribu kumwambia Mkongomani aende kwenye kazi ya heshima bila kuvaa! Ladislas, msaidizi wa Odette, mwanamume mrefu mwenye kibanda cha simu barabarani na sauti ya radi, alikuwa amejipulizia manukato mpaka njiwa walihama.

Wagonjwa walifika, wakawaona, wakasimama upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyevuka. Wakafika wengine, wakasimama na wale. Saa moja na robo barabara ilijaa watu na kliniki ilikuwa tupu. Mlango ukafunguliwa akatoka Sista Zibuyile, nesi mkuu wa pale, mama mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani, akawatazama kuanzia viatu hadi skafu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Odette alieleza. Sista alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akanyoosha kidole kwa wale wa ng'ambo. "Wanadhani waziri anakuja. Siku anayokuja waziri hakuna dawa, kuna hotuba. Wengine wanadhani nyinyi ni watu wa mazishi mmekuja kutafuta kazi. Vueni hayo mavazi au niwafukuze."

Wakavua. Skafu, koti na glavu vilirundikwa juu ya meza ya kupimia watoto. Ladislas alibaki na shati, akajihisi yuko uchi. Wagonjwa wakavuka barabara wakicheka, na kwa kweli kicheko kile kilisaidia, kwani mtu aliyekwisha kukucheka hawezi kukuogopa tena.

Siku hiyo hiyo, zile skafu za zambarau zilipata kazi nyingine. Odette alikwenda barabarani kwa muuza vitenge, akarudi na mabaki ya vitambaa, akavikata kwa mkasi wa kliniki. Mtu akifika mlangoni anaulizwa swali moja, kwa upole, karibu na sikio ili jirani asisikie: umekuja kwa nini leo? Wa vidonge vya kila mwezi alifungwa kitambaa cha bluu mkononi. Wa mtoto, cha njano. Wa kidonda, cha kijani. Asiyejua anaumwa nini alifungwa kipande cha skafu ya zambarau, maana huyo ndiye wa kuonwa kwanza na kwa muda mrefu. Kila rangi ilikuwa na benchi lake. Watu wa protokole walipita katikati wakiinua vidole, na benchi zikasogea kimyakimya kama kanisani.

Haikwenda laini hivyo mara moja. Wiki ya pili mzee mmoja alikataa kufungwa kitambaa, akauliza kwa sauti tangu lini wageni wakawapanga wenyeji foleni nchini mwao. Watu wa protokole walitazamana, kwa kuwa walikuwepo mwaka 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa majumbani mwao, na maneno ya namna ile walikuwa wameyasikia yakianza hivyo hivyo, kwa mzee mmoja na swali moja. Aliyejibu ni bibi mmoja wa Kizulu, gogo kwa lugha yao, aliyekuwa benchi la bluu, Gogo MaShezi, mwenye fimbo na kofia ya sufu ya kijani hata wakati wa joto.

"Mimi nimekuja hapa miaka kumi na moja," Gogo alisema, "na leo ni mara ya kwanza mtu ameniuliza nimekuja kwa nini. Funga kitambaa, baba, unatuchelewesha."

Mzee alifunga kitambaa.

Kufikia Jumatatu ya sita wa bluu walikuwa wakitoka saa tatu, wengine kabla ya hapo. Walivua kitambaa mlangoni, wakakitupa kikapuni, wakawahi taxi za kwenda kazini. Sista Zibuyile hakusifu kitu. Ila alianza kunywa chai yake saa nne, ameketi, jambo ambalo wauguzi wake walisema hawajaliona tangu waajiriwe. Na wiki ya nane alimwita Odette pembeni akamwuliza kwa nini wenye zambarau wanakaa karibu na choo, kwamba yeye angewaweka karibu na chumba chake. Odette akawahamisha papo hapo. Alifurahi siku nzima kwa sababu ya swali lile, na jioni, kwenye zamu yake ya Jumatatu, akashona magodoro akiimba.

Kiti cha mbele ndicho kilichotaka kuwaangusha.

Kanisani mkubwa anakaa mbele. Hiyo ni sheria ya kwanza ya protokole, unafundishwa kabla ya kufundishwa vidole. Jumatatu ya tatu Pasta Apollinaire alikuja kuchukua vidonge vyake, naye ana presha pia, na Ladislas alipomwona tu mwili wake ukafanya kazi bila kuuliza kichwa. Alimpokea mkoba, akamwongoza mbele, akamwinua kijana mmoja wa benchi la bluu, akamkalisha Pasta mahali pake. Pasta alitoka baada ya dakika nane akiwabariki wote. Wagonjwa waliguna mpaka mchana. Sista Zibuyile alimwambia Odette neno moja tu: ikitokea tena, zile Jumatatu zilizobaki zitapewa watu wengine.

Vidonge vya Pasta vilikuwa vya wiki nane. Odette alihesabu kwa vidole, na vidole vikamwambia Jumatatu ya kumi na moja. Alizungumza na Ladislas, Ladislas akakubali kwa kichwa tu. Alikwenda kwa Pasta pia, mara mbili, na mara zote mbili Pasta alikuwa na wageni.

Jumatatu ya kumi na moja ikafika, na Pasta naye akafika, na suti yake ya kijivu. Ladislas alikwisha kunyoosha mkono kupokea mkoba. Odette akapita mbele yake.

"Bonjour, Papa Pasteur. Leo umekuja kwa nini?"

Pasta alicheka. "Maman Odette, unanijua vizuri. Ni bidonge byangu."

"Bon, sawa." Akamfunga kitambaa cha bluu, akamwonyesha mwisho wa benchi, nyuma ya watu kumi na saba. "Nafasi iko kule, Papa. Haitapita lisaa limoja."

Pasta aliangalia kitambaa mkononi mwake. Aliangalia benchi. "Kule nyuma?"

"Iko foleni, Papa."

"Mimi njo niliwapa hii kazi. Chumba ni changu, batu ni bangu. Na unanikalisha nyuma?"

"Hapa hakuna nyuma, Papa Pasteur. Iko tu mwenye kufika mbele na mwenye kufika kisha." Alitaka kusema zaidi, kwamba anamheshimu, kwamba hajasahau zile siku tatu za mwaka 2008 walizolala wote kanisani kwake akiwapikia uji kwa mkono wake. Pasta alifungua kitambaa taratibu, akakiweka juu ya kikapu, akatoka bila vidonge.

Jumapili iliyofuata alisema madhabahuni kwamba protokole ni kazi ya nyumba ya Mungu, na kwamba nyumba ya Mungu imewaazima watu kwa muda wa kutosha. Hakutaja jina la mtu. Alikuwa na adabu zake. Watu thelathini waliinamisha macho, na baada ya ibada kila mmoja alikuja kumshika Odette mkono na kumwambia samahani, mama, unajua. Ladislas hakuja hata kusema samahani. Alipita mlango wa nyuma.

Kwa hiyo Jumatatu ya kumi na mbili, siku ya Madamu Rungasamy, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni pa kliniki lilisimama shirika zima la Mapokezi, yaani Odette na Benedicta. Mbele yao watu tisini. Benedicta alikuwa amebeba ndani ya bahasha ule mkataba wa mwaka mmoja, umechapwa safi, umebaki sahihi tu.

"Tuahirishe, Mama," Benedicta alisema. "Tumpigie simu, tuseme watu wanaumwa."

"Kwenye kliniki? Tuseme batu banaumwa?" Odette alicheka bila kutaka. Lakini ndani aliona giza. Wanawake wawili, watu tisini. Alifikiria ngazi za zile ofisi, akafikiria jinsi watakavyosema: wageni wale walijaribu, wakashindwa. Alichukua kikapu cha vitambaa akageuka kumtafuta mtu wa kwanza amwulize swali.

Mtu wa kwanza alikuwa Gogo MaShezi, na siku yake ya vidonge haikuwa leo. "Nimemleta mjukuu, ana homa," alisema. "Wenzako wako wapi?"

"Hawaji, Gogo."

Gogo hakuuliza sababu. Alimkalisha mjukuu, akaegemeza fimbo ukutani, akachota vitambaa vya bluu vilivyomjaa kiganja. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Wewe umekuja kwa nini leo?" Na mwanamke yule alipojibu kwamba ni kidonda, alichukua cha kijani mwenyewe akajifunga kwa meno. Kijana mmoja wa taxi, mwenye bluu, alisimama kwenye kona na kuinua vidole vitatu. Aliyajulia wapi hayo? Kila Jumatatu kwa wiki kumi na moja aliwaona wakifanya hivyo akingoja abiria pale nje, ndipo alipoyajulia. Mama mmoja wa njano akawasogeza akina mama wenzake bila kuambiwa. Benedicta alisimama katikati ya mlango, mdomo wazi, akipishwa na watu kama nguzo.

Saa moja na nusu Sista Zibuyile alitoka, akaona, akamnyang'anya Odette kikapu. "Zambarau nitawafunga mimi," alisema. "Nyinyi hamjui kuangalia macho ya mtu mwenye ugonjwa wa manjano. Nimekuwa nikitaka kukwambia tangu mwezi wa tatu."

Saa mbili kasoro dakika chache akafika Pasta Apollinaire, maana vidonge vyake vilikwisha Ijumaa na kichwa kilikuwa kikimgonga. Nyuma yake Ladislas amebeba mkoba. Odette aliwaona akasimama wima, akingoja. Gogo MaShezi alikwisha kumshika Pasta mkono.

"Umekuja kwa nini leo, baba?"

Pasta alimtazama bibi yule, umri wa mama yake, na kofia yake ya sufu. Mtu anaweza kugombana na Odette, si na bibi kama huyu. "Vidonge, Gogo," alisema kwa Kizulu chake kibovu. Akafungwa bluu, akaenda kuketi, mtu wa kumi na nne. Gogo akamgeukia Ladislas. "Na wewe, mrefu, mkoba hauumwi. Uweke chini uwasaidie wale wa kijani."

Ladislas alimwangalia Pasta. Pasta alikuwa akiangalia dari. Ladislas akaweka mkoba chini, na nusu dakika baadaye sauti yake ya radi ilikuwa ikinong'ona sikioni mwa mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji. Pasta alitoka saa mbili na dakika arobaini, vidonge mfukoni, akasimama kando ya barabara kama mtu aliyepewa likizo asiyoiomba. Alipompita Odette alisema kwa sauti ya chini, "Lisaa halikufika." Odette akajibu, "Halikufika, Papa."

Madamu Rungasamy alikuwa amefika zamani. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi la bluu, kitambaa mkononi, kwa sababu mtu alimwuliza amekuja kwa nini, naye hakujua la kujibu akasema vidonge. Aliinuka sasa, akamwita Odette kando, na Benedicta na bahasha yake.

"Watu wako wako wapi?" aliuliza. "Uliniambia kumi na wawili."

Hapo Odette angeweza kudanganya. Angeweza kunyoosha mkono na kusema ndio hawa, yule bibi, yule kijana wa kona. Benedicta alimkanyaga mguu kidogo, akimwomba afanye hivyo hivyo.

"Hawakuja," Odette alisema. "Tuko wawili, na mmoja amekuja baadaye. Hao wengine wote ni wagonjwa wako. Na yule ni sista wako."

Madamu alivua miwani. Aliangalia mlango kwa muda mrefu, Sista Zibuyile na kikapu, Gogo na vitambaa vyake. "Kwa hiyo kazi yenu inafanywa na wagonjwa, na nesi wangu anawasaidia. Mimi niandike nini? Kwamba hamhitajiki?"

Benedicta aliinama. Maneno yale yalimuuma Odette kwa kitambo kifupi. Aliliona shirika lake likifungwa pale pale mlangoni. Halafu akaangalia alikoangalia Madamu, na uchungu ukamtoka wote kwa mara moja. Badala yake ikaingia furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyepika sufuria kubwa akaona kila sahani imejaa.

"Andika hivyo," alisema. "Hapa hatuhitajiki tena." Akachukua bahasha mkononi mwa Benedicta, mkataba wa mwaka mzima wa mlango ule mmoja, akaukunja mara mbili akautia mfukoni. "Madamu, kliniki zenye foleni kama ile ya kwanza, umebakiwa na ngapi?"

Madamu Rungasamy hakuhitaji kufungua daftari. "Kumi na moja."

"Bon," Odette alisema. "Tupe ile mbaya kuliko zote."